Damu ya Karina

"Hivi Persida, huyo shemeji yako akifa mtamwita padri au daktari wa mifugo?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Kosara, nje ya lango la kanisa, Jumapili ya kwanza ya mfungo wa Noeli, watu wakiwa bado wanapeana mikono. Nilimwambia anyamaze, tumetoka kupokea baraka sasa hivi. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nacheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Nilipofika penye kona ya kijito nikawasikia mbwa wa huyo shemeji, kumi na mmoja, wanalia kwa pamoja kama kwaya iliyolewa, na kicheko kikaniishia. Nikaona Kosara hakuwa anatania hata kidogo.

Shemeji yangu ni Tihomir, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Obrad. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na uzio wa mbao na miti minne ya plamu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu. Miaka arobaini na moja nimeyaona kwa dirisha la jikoni kwangu.

Tihomir anazalisha mbwa wa kuwinda. Wanaume wengine hapa kijijini wanafuga mbwa wawili watatu, Jumapili wanakwenda nao msituni kufukuza sungura, wakirudi wanawafunga na habari zao zimekwisha. Yeye hapana. Yeye ana damu. Ukimwuliza hali ya nyumbani anakujibu hali ya damu. Mbwa wake ni wale wa masikio marefu, wa rangi tatu, mweusi mgongoni, mwekundu miguuni, mweupe kifuani, na wote wametokana na jike mmoja aliyeitwa Karina. Wala hakumnunua huyo Karina. Alikuja naye Desanka, mke wake, siku ya harusi. Baba yake Desanka alikuwa mwindaji wa ng'ambo ya mlima, akampa binti yake cherehani, magodoro mawili ya sufu, na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Mpaka leo Tihomir akipata glasi tatu za rakija, pombe yetu kali ya matunda, husema mbele za watu kwamba katika vyote alivyokuja navyo Desanka, chenye faida kilikuwa kikapu. Wageni hucheka. Desanka huongeza supu kwenye sahani zao.

Ana daftari tatu za jalada gumu, na humo kila mbwa ameandikwa kwa mama yake. Karina akamzaa Vila, Vila akamzaa Bistra, Bistra akamzaa Munja, mpaka unafika kwa huyu Zvona wa sasa. Madume anawaandika pembeni kwa penseli.

"Dume ni mpita njia," husema. "Damu inakaa kwa mama."

Orodha ndefu kama hiyo mimi niliiona mahali pamoja tu, mwanzoni mwa Injili, na hata Injili iliona ukurasa mmoja unatosha, ikaendelea na mambo ya wokovu.

Anajisifu kwamba anaweza kukaa kibarazani, mbwa wako vilima viwili mbali, akatambua kwa sauti ni nani aliyemwamsha sungura na ni nani anayefuata tu mkumbo. Ni kweli. Nimemshuhudia. Lakini binti yake wa pekee, Rajna, alipopiga simu kutoka Linz, ughaibuni anakofanya kazi, siku ya Pasaka, mzee aliuliza "Nani mwenzangu?" mara tatu, kisha akamkabidhi Desanka ile simu. "Chukua wewe, kuna mwanamke fulani."

Mtoto wa mbwa aliyezaliwa na weupe uliozidi, au taya la chini limejitokeza, hakuona jua la pili. Uamuzi ulikuwa wa Tihomir. Ndoo ya maji ilibebwa na Desanka.

Na siku ya arobaini ya Obrad wangu! Watu wamekaa, padri amemaliza sala, ngano ya marehemu iko mezani na mshumaa umechomekwa katikati yake. Tihomir akaingia na matope mpaka magotini, ametoka kwenye mashindano ya mbwa wilaya ya jirani, akatua kombe la bati pembeni ya ile ngano.

"Alama za sauti, ishirini kwa ishirini," akasema. "Obrad angefurahi sana."

Obrad alikuwa anaogopa mbwa tangu utoto.

Basi nikija kwa Desanka. Desanka na mimi tumeolewa na ndugu wawili, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kugombana ila kwa ajili ya kuku. Kila asubuhi anawasha moto chini ya sufuria kubwa uani, anasonga ugali wa mahindi kwa mwiko mrefu kama mpini wa koleo, anatia mifupa na makombo, anaupoza, anaugawa kwa vipimo. Zvona kipimo hiki, wenye mimba kipimo kile, madume kidogo wasinenepe. Ana miaka sitini na nane. Mabega yake yamepinda upande mmoja, ule wa mwiko. Macho nayo yamefifia, haoni maandishi pasipo miwani, na miwani yenyewe aliikalia mwezi wa Septemba na hajapelekwa mjini kupima mingine, kwa sababu gari kila likienda mjini linakwenda na mbwa.

Oktoba alikuja kwangu kuchambua maharage. Akachambua bakuli zima bila kusema neno, nikajua lipo.

"Rajna anataka kurudi," akasema.

"Kutembea?"

"Kukaa. Amechoka kuwaogesha wazee wa watu kule. Anasema atapanda rasiberi shamba la chini, atatengeneza paa." Akatupa harage bovu. "Ila anasema harudi kuwa mgeni. Anataka baba yake ampe mshumaa."

Nikaelewa. Slava, yaani sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, kwetu ni ya Mtakatifu Nikola, tarehe kumi na tisa Desemba. Mtakatifu hurithiwa pamoja na nyumba, baba kwa mwana. Mwenye nyumba ndiye huwasha mshumaa na kusimama hapo, na ndiye hugeuza mkate na padri mpaka uvunjwe. Anayeshika mkate pamoja naye, kijiji kizima kinajua huyo ndiye nyumba inamwendea, na hakuna wa kuuliza karatasi. Tihomir hana mwana. Ana Rajna, mwenye miaka thelathini na sita, hajaolewa.

"Kule wanamtaka ajibu kabla ya mwaka mpya," Desanka akasema. "Akisaini tena ni miaka mitano. Nikimkosa safari hii, Persida, nimemkosa. Mimi sitaki makubwa. Nataka nisikie mtu anatembea jikoni na si mimi."

Nikamwambia nitasali. Na nilisali, ila nilikuwa namjua shemeji yangu.

Rajna alifika mchana wa tarehe kumi na nane. Nilikuwa kwao, tunakanda mkate wa slava. Baba yake aliingia kuchukua maji ya moto ya banda la mbwa.

"Umenenepa," akamwambia.

"Habari za hapa, Baba?"

"Zvona yuko kwenye joto la kutaka dume. Kesho ni siku ya kumi na mbili."

"Sikumwulizia Zvona."

"Ndizo habari za hapa."

Zvona alikuwa na miaka tisa. Chama cha wafugaji hakiandikishi watoto wa jike aliyepita minane, na Tihomir alikwenda mara tatu makao makuu na barua ya daktari mpaka akapewa ruhusa ya uzao mmoja wa mwisho. Majike wengine ama hawashiki mimba, ama watoto wao wanatoka na kasoro ya rangi. Mwanadamu angesema damu imechoka, iache ipumzike. Yeye alisema ni majaribu.

"Baba," Rajna akasema, unga mpaka viwikoni, "kesho nataka nigeuze mkate na wewe."

"Mkate unageuzwa na mrithi."

"Ndiyo maana yangu."

Tihomir akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe ni mtoto wa kike. Utaolewa, utashika mtakatifu wa mumeo."

"Nina miaka thelathini na sita, Baba."

"Na Zvona ana tisa, ni kama sitini ya mtu, na bado anatafutwa."

"Tihomir!" Desanka akalibwaga donge la unga mezani.

"Nini sasa? Ni mfano tu."

"Kwenye madaftari yako unahesabu kwa mama," Rajna akasema. "Karina, Vila, Bistra. Baba zao uliwaandika kwa penseli."

"Hao ni mbwa."

"Kwa hiyo ningekuwa mbwa ningerithi."

"Ungekuwa mbwa ningeanza kukukagua meno." Alikipenda kichekesho chake, akakirudia akienda mlangoni. Pale mlangoni akageuka. "Kesho tutaona. Mimi mambo yangu nimeshayapanga."

Akatoka na ndoo yake. Desanka akanitazama, uso umemkunjuka kama msichana.

"Umesikia? Amesema tutaona."

Nilichukua uma nikaanza kuchora msalaba juu ya mkate. Shemeji yangu hata harusi ya binamu yake alikwenda baada ya kuangalia kama hakuna mbwa anayetarajia kuzaa. Aliposema amepanga, nilijua hakupanga ya watu.

Asubuhi padri alianzia kwangu, maana mimi ni mjane na nyumba yangu ndiyo ya kwanza barabarani. Tangu Obrad afariki nawasha mshumaa wangu mwenyewe, mwaka wa tisa huu. Padri wa zamani alinung'unika mwaka wa kwanza, wa pili akazoea. Huyu wa sasa, Padri Arsenije, amenikuta hivyo na hajawahi kuuliza. Tukamaliza, nikafunika samaki, nikavuka kwenda kwa Tihomir.

Kulikuwa na theluji ya kufika kwenye vifundo. Tihomir alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, na mshumaa umeshawashwa. Kwa kweli alipendeza, nikajilaumu kwa mawazo yangu. Kisha nikasikia gari.

Aliyeshuka ni Gvozden Mijuk wa ng'ambo ya mlima, na nyuma ya gari lake dume la mbwa linaitwa Garov. Mkono mmoja ameshika paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, siku ya mfungo, mezani pana samaki na maharage. Mkono wa pili ameshika bahasha ya plastiki.

"Heri ya slava, mwenye nyumba!"

"Umetukumbuka vizuri," nikamwambia, kwa adabu. Slava haina mwaliko. Anayeijua siku anakuja mwenyewe, na kumwalika mtu ni kumtukana mtakatifu, kana kwamba ni karamu ya kuuza ng'ombe.

"Si kukumbuka, mama, nimealikwa," Gvozden akasema. "Tihomir amenipigia simu mara nne."

Nikapiga ishara ya msalaba. Desanka akajifanya anatafuta vijiko. Wanaume wakaenda moja kwa moja bandani, wakamweka Garov chumba cha pili, wavu tu katikati yake na Zvona, ili wazoeane kwanza. Mshumaa ukawa unawaka peke yake na sisi wanawake watatu tukiutazama.

Walirudi padri alipoingia, naye amechoka, pindo la joho limelowa, nyumba sita bado zinamngoja. Alikuwa ameshatoa stola, ule ukanda wake wa shingoni wa ibada, mfukoni Tihomir alipomshika mkono.

"Kabla ya mkate, Padri, kuna jambo. Nataka uwe shahidi, wewe na shemeji Persida."

Akaitoa karatasi kwenye bahasha ya plastiki. Ilikuwa mkataba wa kutunzwa. Hapa kwetu si jambo geni. Wazee wasio na mtu humwandikia jirani au ndugu nyumba na shamba, naye anawatunza mpaka kufa, anawapikia, anawapeleka hospitali, anawazika. Nimeona wengi, na wengine walitunzwa vizuri.

"Namwandikia Gvozden," Tihomir akasema. "Kesho tuna nafasi ofisi ya hati mjini. Ila nyumba iko kwa majina mawili, kwa hiyo Desanka anasaini hapa leo mbele yenu, asije akasema hakujua."

Desanka alikuwa amesimama na glasi ya divai ya kunyunyizia mkate. Sikumwona akitikisika. Rajna ndiye aliyenyosha mkono akaichukua karatasi.

"Gvozden atawatunza ninyi?" akauliza.

"Soma," baba yake akasema, na kwa kweli alikuwa na fahari. "Soma kwa sauti. Wakili alisema hajawahi kuandika kama huu."

Rajna akasoma. "'Kifungu cha kwanza. Mpokeaji anajifunga kuwatunza hadi kufa kwao wafuatao: Zvona, Bura, Strela, Galja...'" Akaendelea hadi majina kumi na moja, kila moja na namba yake ya usajili. "'Kifungu cha pili. Mpokeaji hatachanganya damu ya Karina na damu yoyote isiyoidhinishwa. Kifungu cha tatu. Zvona akizeeka atalala ndani, karibu na jiko la kuni...'" Akainua macho. "Baba, wewe na Mama mko kifungu cha ngapi?"

"Endelea, utafika."

"Watu wanaandikiana mikataba hii kwa ajili yao wenyewe."

"Mimi nitakufa, Rajna. Miaka mitano, kumi. Damu hii ina miaka arobaini na moja na mimi nimeikuta kwenye kikapu. Ningekupa wewe, ungefanya nini nayo? Rasiberi?"

Padri Arsenije akakohoa. "Tihomir, ndugu yangu, haya yangengoja..."

Hakumaliza. Bandani kulitoka sauti, si ya kubweka, ya kunung'unika kwa kuomba, na Gvozden aliyekuwa karibu na dirisha akaruka.

"Zvona ameweka mkia pembeni! Tihomir, amesimama! Ni sasa hivi!"

Tihomir akainuka.

"Mshumaa unawaka," padri akamwambia. "Mwenye nyumba hauachi."

"Mshumaa hautakwenda popote, Padri. Joto la Zvona ndilo litakwenda. Dakika kumi!"

Wakatoka mbio, mlango wazi, baridi yote ikaingia, na mwali wa mshumaa ukalala ubavu mpaka Rajna alipoukinga kwa viganja.

Anayejua mbwa anajua kwamba hakuna dakika kumi. Wakishapandana wanashikana, na hawaachani mpaka mwili wenyewe uamue, nusu saa na zaidi, na lazima washikwe wote wawili wasije wakaumizana. Tuliwaona kwa dirisha. Gvozden amepiga magoti kwenye theluji amemkumbatia dume. Tihomir amemshika Zvona kichwa kwa mikono miwili, anamnong'oneza. Alikuwa amevua kofia kwa heshima ya mshumaa na akasahau kuivaa. Kwa hiyo akasimama pale kichwa wazi, theluji inamwangukia kwenye upara, ametulia kabisa, kama tunavyosimama sisi wakati wa Injili. Kanisani hajawahi kusimama hivyo. Kanisani huwa anahama mguu huu na ule kama anabanwa na mkojo.

Padri akatazama saa. Akatazama mkate. Akatazama saa tena.

"Nina nyumba sita," akasema.

Desanka akaweka glasi mezani. "Padri, geuza na Rajna."

"Mwenye nyumba yuko hai, mama."

"Yuko wapi?"

Padri alitazama dirishani akageuka upesi, masikio yamekuwa mekundu. Ni kijana bado, ana miaka thelathini tu. Akanigeukia mimi. "Mama Persida, wewe mila unazijua. Unasemaje?"

"Asubuhi hii kwangu umegeuza na nani, Padri?"

"Na wewe."

"Na mwaka jana?"

"Na wewe."

"Mtakatifu Nikola amekuletea malalamiko?"

Akatabasamu, akavaa stola. Aliukata mkate msalaba kwa chini, akamimina divai. Rajna akaweka mikono chini yake, upande mmoja yeye, upande mmoja padri, na Desanka akagusa kwa ncha za vidole tu, kama anayeogopa kuunguza. Wakaugeuza wakiimba. Rajna maneno hakuyakumbuka yote. Mkate ukayumba mikononi mwake, na nilimwona anauma mdomo asilie. Wakaubusu, wakauvunja. Kipande chake kilitoka kikubwa.

"Heri kwako, mwenye nyumba," padri akamwambia, na nadhani maneno hayo yalimtoka kwa mazoea tu, ndivyo anavyosema kila nyumba. Lakini aliyasema. Akanywa kidogo, akachukua kitabu chake, akaenda zake. Mshumaa ulipobaki kidole kimoja, Rajna akauzima kwa tone la divai, na Desanka akaketi. Sikumbuki lini nilimwona amekaa mchana nyumbani kwake.

Hapo Tihomir akaingia. Uso mwekundu, upara na mabega maji matupu.

"Imeshika! Dakika thelathini na tano! Rakija, Desanka, mimina, mimina kwa wote!" Ndipo akauona mkate. "Nani amevunja?"

"Mimi," Rajna akasema. "Na padri. Alikuwa na haraka."

"Na mshumaa?"

"Nimeuzima kwa divai, inavyotakiwa."

Akanitazama. "Haya ni mafundisho yako, shemeji."

"Ni mafundisho ya kalenda, shemeji. Leo ni kumi na tisa."

Nilijiandaa kwa kelele, na nitasema kweli, kelele ningeziheshimu. Mtu akinyang'anywa mtakatifu wa baba zake anapaswa kupiga kelele. Yeye alivuta kiti, akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

"Basi. Mkate ni mkate, mmekula mmekula. Shika wewe huo mshumaa kama unaupenda, Rajna, hata Linz ipo mishumaa. Desanka, saini. Gvozden ana njia ya mlimani na theluji inaongezeka."

Binti akawa kama amepigwa kofi. Kitu alichokuja nacho moyoni kutoka mbali kote kule, alichokishika kwa mikono miwili, baba yake alimwachia kama mtu anavyomwachia mwenzake mfupa ambao yeye hautaki. Nyumba ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ya mbwa.

Gvozden akafungua kalamu, akaiweka mbele ya Desanka.

"Mimi nimeandikwa wapi?" Desanka akauliza.

"Kifungu cha saba."

"Sina miwani."

"Lete, Mama, nikusomee," Rajna akasema.

"Hapana. Asome yeye."

Tihomir akaichukua karatasi, akainyosha mbali na macho, akasoma kwa ile sauti anayosomea matokeo ya mashindano. "'Mke wa mtoaji ataendelea kukaa katika chumba cha upande wa uani, pasipo malipo, maadamu ana nguvu za kuwapikia mbwa.'"

Gvozden akajikuna shingo. "Hayo ya mwisho nilimwambia tuyatoe," akasema. "Mimi nilimwambia, mama."

"Tuyatoe kwa nini? Si kweli?" Tihomir alishangaa kabisa. "Nani mwingine anavijua vipimo vyao? Desanka, umeona, nimekuwekea kwa maandishi. Gvozden hawezi kukufukuza hata akitaka. Wanaume wangapi wanawawekea wake zao kwa maandishi?"

"Maadamu nina nguvu," Desanka akasema.

"Ndiyo."

"Zikiisha?"

Nilikuwa namtazama Tihomir usoni, na naapa hakuwa anaficha chochote. Lilikuwa swali jipya kwake. Zvona akizeeka alikuwa amemfikiria, mpaka na mahali pa kulala karibu na jiko. Akaigeuza karatasi aone kama kuna kitu upande wa nyuma.

"Hapo hatukufika," akasema. "Tutaongeza. Gvozden, tunaweza kuongeza?"

Desanka akaichukua ile kalamu. Akaifunika kifuniko chake, akaiweka juu ya karatasi, sawasawa, katikati. Akasimama, akafungua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Akavaa koti, akafunga kitambaa kichwani polepole, fundo chini ya kidevu, kama anayekwenda kanisani. Rajna alikuwa tayari amesimama na funguo za gari mkononi, lakini mama yake hakumngoja.

"Wapi sasa?" Tihomir akauliza. "Desanka? Karibu saa sita hii, mbwa hawajala!"

Desanka alifungua mlango, akatoka, akaufunga vizuri nyuma yake ili baridi isiingie.